Wewe ni nani yake?

Karani wa hospitali hakuinua hata macho.

"Wewe ni nani yake?" aliuliza, vidole vikiwa tayari juu ya kibodi.

"Mume wake," mzee akajibu.

Akaandika. Mashine ikatema kibandiko cheupe chenye jina na tarehe, akampa mzee akibandike kifuani. Ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho, lifti mkono wa kushoto. Akamwita anayefuata.

Nilikuwa nyuma yake nimeshika kofia yake, theluji inayeyuka na kunilowanisha kiganja. Mwili wote ulikuwa umenikakamaa. Nilikuwa nangoja neno la pili. Nilingoja karani ainue uso, aite mkubwa wake, adai cheti. Hakuna kilichotokea. Tukaingia kwenye lifti, mzee akabonyeza namba 3, tukapanda.

Hiyo ilikuwa Januari. Tangu siku ile nimekuwa nikiamka usiku nikilifikiria lile dirisha.

## Swali lenyewe nalijua

Nahudumia wazee majumbani kwao hapa Saint Paul, Minnesota. Wabeba boksi wenzangu wa ughaibuni mnaijua kazi hii: kuogesha, kupika uji, kupanga dawa kwenye kile kisanduku cha siku saba, na kusikiliza. Hawa wazee wawili nipo nao mwaka wa pili sasa. Nimebadilisha mambo kadhaa ili wasitambulike, na humu nitawaita Mzee wa Vitabu na Mzee wa Bustani. Wa Vitabu ndiye aliyeanguka bafuni usiku ule akavunjika nyonga. Wa Bustani ndiye aliyesimama dirishani.

Sikwenda kwao nikiwa mtetezi wao. Nimezaliwa Iringa, nyumba ya Kilutheri, baba mzee wa kanisa, mama mwanakwaya. Siku nilipogundua kwamba hawa wanaume wawili ni wanandoa, nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu nitaomba kazini wanipangie kwingine. Kodi ya nyumba ilikuwa imekaribia, nikaahirisha. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka.

Kilichonikamata pale hospitalini ni kwamba swali lile nilikuwa nimeshalisikia kabla, neno kwa neno, kwa Kiswahili.

Ilikuwa Mafinga, mwaka 2012, na aliyeulizwa alikuwa mama yangu mdogo.

## Kitabu cha madeni

Mama mdogo aliishi na baba mdogo miaka 17. Watoto wawili, nyumba ya vyumba vitatu, na uwanja wa mbao kando ya barabara ya Mbeya. Hawakuwahi kwenda kanisani wala bomani. Kila mwaka ilikuwa mwakani, mbao zikiuzwa vizuri. Mtaa mzima ulimwita mama fulani, mke wa fulani. Mimi mwenyewe sikujua kama kuna kilichopungua.

Baba mdogo alipopigwa na kiharusi, mama mdogo alikimbia naye hospitali. Mlangoni mwa wodi akaulizwa ni nani yake. Akasema mke. Na shemeji yake, aliyekuwa amesimama pembeni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesahihisha tahajia: "Hawa hawajafunga ndoa."

Kuanzia dakika ile kila karatasi ilisainiwa na shemeji. Mwili ulikabidhiwa kwa shemeji. Tulipoanua tanga, lori lilikuja uwanjani, vijana wakapakia mbao wakihesabu kwa sauti, mbili kwa nne, mbili kwa sita, na mama mdogo amekaa kwenye ngazi ya nyumba amekumbatia kitabu cha madeni. Kile hawakukichukua kwa sababu hawakujua ni nini. Ndani mlikuwa na majina ya wote waliokopeshwa mbao tangu mwanzo wa biashara, yote kwa mwandiko wake yeye.

Alipojaribu kulalamika, aliulizwa kitu kimoja.

Cheti kiko wapi?

## Kaka, binamu, mpangaji

Mzee wa Vitabu alilazwa karibu wiki tatu, na jioni nyingi nilibaki na Mzee wa Bustani nyumbani, nikimpikia na kumsikiliza. Ndipo aliponisimulia mwaka 1994.

Mwaka ule mwenzake alifanyiwa upasuaji wa moyo. Walikuwa pamoja tangu 1978, miaka 16, nyumba moja, akaunti moja ya benki. Pale mlangoni aliulizwa swali lile, naye hakuwa na jibu ambalo sheria ililifahamu. Akaitwa ndugu wa damu: dada wa mgonjwa, ambaye hakuwa amezungumza na kaka yake kwa miaka tisa. Akaja kwa ndege, akasaini, akakaa kitandani. Mzee wa Bustani alizunguka maegesho ya magari siku mbili, mpaka usiku wa pili nesi mmoja akamfungulia mlango akamuuliza, "Wewe ni kaka yake, sivyo?" Akaitikia ndiyo.

"Nimekuwa kaka yake miaka mingi," aliniambia. "Nimekuwa binamu yake. Mpangaji wake. Dereva wake."

Alikuwa anamenya viazi akisema hivyo, maganda yanaanguka marefu bila kukatika, wala hakuonekana kama mtu anayelalamika. Alikuwa anataja vyeo alivyowahi kushika.

Cheti chao cha ndoa ni cha Agosti 2013, mwezi ambao sheria ya Minnesota ilianza kufanya kazi. Nilidhani ningekikuta ukutani kwenye fremu. Kimewekwa kwenye droo ya jikoni pamoja na kadi za chanjo na karatasi za gari, vitu vinavyotafutwa kwa haraka.

Usiku ule niliporudi kwangu nilimuona mama mdogo kwenye ngazi na huyu mzee kwenye maegesho wakiwa wamesimama mahali pamoja. Nikakasirika. Sikutaka wasimame pamoja. Mmoja ni mama yangu, mke wa mtu, aliyedhulumiwa. Huyu mwingine nimefundishwa tangu darasa la kipaimara kwamba maisha yake ni dhambi. Nilijitahidi kuwatenganisha, na bado kila nilipomwondoa mmoja mwingine alibaki na swali lilelile mkononi.

## Mwaka 1971

Nikaanza kusoma sheria, mimi ambaye sheria pekee niliyowahi kuisoma ni ya barabarani nilipotafuta leseni.

Nikakuta jambo ambalo hakuna aliyemwambia mama mdogo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, ina kifungu cha 160. Kinasema mwanaume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wanawajua kuwa mume na mke, itachukuliwa kwamba wamefunga ndoa, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Na hata ikithibitika kwamba hawakufunga, mahakama inaweza kuamuru mwanamke na watoto watunzwe.

Miaka miwili. Yeye alikuwa na 17.

Sheria ile iliona mbali. Ilijua kwamba watu huishi kwanza, karatasi hufuata au haifuati, na msiba haungoji. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 9, inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanaume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Hapo mlango umefungwa, na anayeandika haya anajua kwamba nyumbani mjadala haujafika hata kwenye cheti, kwa sababu kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu mapenzi kinyume cha maumbile, kinafika mpaka kifungo cha maisha.

Mwaka huohuo wa 1971, huku nilipo, wanaume wawili walikuwa wamefunga ndoa. Jack Baker alikuwa mwanafunzi wa sheria na Michael McConnell mkutubi. Mwaka 1970 waliomba leseni ya ndoa Minneapolis wakakataliwa. McConnell akapoteza na kazi aliyokuwa ameahidiwa chuo kikuu. Walichofanya baadaye kinanishangaza mpaka leo. McConnell alimwasili Baker kisheria, mwenzake akapewa jina jipya, Pat Lyn, ambalo linaweza kuwa la mwanamke au mwanaume, kisha wakaenda kaunti nyingine, Blue Earth, wakaomba leseni, wakapewa. Tarehe 3 Septemba 1971 mchungaji wa Methodisti akawafungisha.

Fikiria mtu kumwasili mpenzi wake awe mwanawe wa kisheria, ili tu pawepo neno lolote kwenye karatasi linalowaunganisha.

Kesi yao ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 1972 ikaitupa kwa sentensi moja, kwamba hakuna hoja ya maana ya sheria ya shirikisho ndani yake. Sentensi hiyo ilidumu mpaka tarehe 26 Juni 2015, mahakama hiyohiyo ilipoifuta kwa kura 5 dhidi ya 4 na kuruhusu ndoa hizi nchi nzima. Na Septemba 2018 jaji wa Blue Earth akatamka kwamba ndoa ya Baker na McConnell ilikuwa halali tangu siku ya kwanza. Walikuwa wamepita miaka 75, na bado walikuwa pamoja.

Nilimsomea Mzee wa Bustani habari hiyo. Akasema anaijua, kila mtu wa umri wake hapa anaijua. Akauliza kama kweli nchi yangu ina sheria inayohesabu miaka miwili tu. Nikamwambia ndiyo, kwa mwanaume na mwanamke. Akatikisa kichwa taratibu. "Watu wenye busara," akasema.

## Kimbunga

Nisifiche kilichonisumbua zaidi. Ni kanisa.

Dayosisi ya Iringa ina udugu wa muda mrefu na Walutheri wa hapa Saint Paul. Udugu huo unaitwa Bega kwa Bega, hata Wazungu hapa wanalitamka hivyohivyo, na kupitia kwake sharika za huku na za kwetu zimeunganishwa, na watoto wengi wamelipiwa ada. Mimi ni mmoja wao. Kidato cha kwanza mpaka cha nne, usharika mmoja wa Saint Paul ulinilipia. Nilikuwa nawaandikia barua kila mwisho wa mwaka, nachora na twiga pembeni.

Agosti 2009 kanisa hilo la Kilutheri la Marekani lilikutana Minneapolis kujadili mambo haya. Siku ya kura kuhusu tamko la kanisa juu ya mambo hayo, kimbunga kilipita katikati ya mji na kuharibu mnara wa kanisa la Central Lutheran, jirani kabisa na ukumbi. Kura zikahesabiwa, 676 kwa 338, theluthi mbili kamili, hakuna hata moja ya ziada. Siku mbili baadaye wakakubali pia wachungaji wanaoishi na wenza wa jinsia yao. Baba yangu alisimuliwa kimbunga kile Iringa kama mahubiri. Mungu amesema, wao hawakusikia.

Januari 2010 maaskofu wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, wakatoa tamko Dodoma. Wakakataa ndoa hizo, na wakakataa na fedha za wanaozitetea.

Nilikuwa msichana wa chuo wakati ule na niliona wamesema vema. Sasa nakaa na swali ambalo sikuwa nalo. Kule Saint Paul, katika sahani ile ya sadaka iliyonisomesha, nani aliweka nini? Inawezekana mkono mmoja ulikuwa wa mtu anayezunguka maegesho ya hospitali. Siwezi kurudisha kidato cha pili.

Udugu wa Bega kwa Bega haukukatika. Watu walikataliana kwa maneno makali, wakaendelea kutembeleana. Na lile tamko la Minneapolis lenyewe, nililolisoma mwaka huu kwa mara ya kwanza, halidai kwamba wote wamekubaliana. Linakiri kwamba ndani ya kanisa moja wapo waumini ambao dhamiri zao zimewafikisha mahali tofauti. Nilitamani baba angesimuliwa na hilo.

Warumi sura ya kwanza, inayokemea mambo haya, naijua, na siwezi kujifanya haipo. Nimemwomba Mungu anionyeshe, na kwa upande wa madhabahu bado sijaona. Nabaki hapo.

## Neno moja lililoongezwa

Lakini upande wa bomani nimeona, na hili nalisema kwa moyo wote.

Sisi Watanzania tuna maneno ambayo Wamarekani waliyatafuta kwa tabu. Tunasema ndoa ya kanisani, ndoa ya msikitini, ndoa ya bomani, ndoa ya kimila. Hakuna mtu kwetu anayechanganya mkuu wa wilaya na askofu. Anayefunga bomani anajulikana amefunga, na anayetaka baraka za kanisa anajua pa kwenda kuzitafuta.

Minnesota walifika hapo mwaka 2013. Novemba 2012 wananchi walikuwa wamekataa kuandika kwenye katiba ya jimbo kwamba ndoa ni ya mwanaume na mwanamke tu. Miezi sita baadaye mswada wa kuruhusu ukaja bungeni. Mbunge mmoja wa Republican akaleta marekebisho: kila penye neno ndoa kwenye sheria, liongezwe neno moja la kuonyesha kwamba ni ndoa ya kiserikali. Ya bomani, ningetafsiri mimi. Likaongezwa. Ikaandikwa pia kwamba hakuna mchungaji atakayelazimishwa kufungisha asichokiamini. Baraza la Wawakilishi likapitisha kwa 75 dhidi ya 59, Seneti 37 dhidi ya 30, gavana akasaini Mei 14.

Mchungaji wangu hapa, Mtanzania mwenzetu, ananiambia hiyo ni milango miwili ya nyumba moja, ukifungua huu na ule utafunguka. Naiheshimu hofu yake. Lakini miaka zaidi ya kumi imepita, yeye mwenyewe anafungisha ndoa kila mwaka hapa Minnesota, na hajawahi kuitwa popote kulazimishwa. Na hofu yake haimjibu Mzee wa Bustani pale dirishani. Cheti cha bomani ndicho kinachosema nani aingie wodini, nani asaini, nani azike, nani abaki na nyumba. Sioni ni kwa kosa gani serikali inayokusanya kodi ya mtu imnyime jibu hilo.

## Mke wa bibi

Nilimsimulia haya mwenzangu wa kazi, Mkurya wa Tarime, tukiwa ndani ya gari tunasubiri kioo kiyeyuke barafu. Akacheka akasema, "Kwetu bibi yangu alioa mke."

Nikamrukia. Nyumba ntobhu! Basi si ndiyo hiyo hoja, Waafrika tulikuwa nayo tangu zamani?

Akanizuia pale pale. Bibi yake hakuwa na mtoto wa kiume. Alitoa ng'ombe, akaoa binti, binti akazaa na mwanaume, watoto wakawa wa nyumba ya bibi. Hakuna mapenzi kati ya wale wawili. "Usimtumie bibi yangu kuwatetea wazee wako," alisema. "Si kitu kimoja. Na wanaosema ni kitu kimoja ili watutukane, nao wanakosea."

Nikakubali. Akawasha vipangusa kioo, tukangoja kidogo, kisha akaongeza mwenyewe:

"Ila bibi alipokufa, yule mke wake alikaa mbele. Sheria ya serikali haimtambui, lakini hakuna aliyemuuliza ni nani yake."

## Simu ya Jumapili

Mzee wa Vitabu amerudi nyumbani, anatembea na kile kigari cha miguu minne, na ananigombeza kwa kuhamisha miwani yake.

Mama yangu nilimtumia ujumbe wa sauti, mrefu, dakika kumi na moja. Nilimweleza yote, dirisha, maegesho, 1971. Hakujibu siku nne. Kisha akaandika mstari mmoja: "Mimi na wewe tutaongea ukija. Ila hayo ya mama yako mdogo nimempelekea asikie."

Jumapili alasiri mama mdogo akapiga. Mafinga ilikuwa usiku, nasikia mbwa nyuma yake.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hicho kifungu ulichosema, ni cha ngapi?"

"Mia na sitini, mama mdogo."

"Kilikuwepo wakati ule?"

"Kilikuwepo. Tangu 1971."

Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

"Na hao wazee wako," akasema, "kabla hawajapata hicho cheti, wao walikuwa na kifungu gani?"

"Hawakuwa nacho."

"Hata cha kukisia?"

"Hata hicho, mama mdogo."

Nikasikia kiti kikisogezwa, droo ikivutwa, vitu vikipekuliwa ndani yake.

"Ngoja nipate kalamu," akasema. "Rudia hiyo namba."